Seva Inapotolewa Kazini: Mjadala wa Zamu, Kufunga na Akiba ya Klasta

Klasta ya data ni kundi la seva zinazogawana kazi na kuhifadhi nakala za data zilezile, kwa namna ambayo mtumiaji aliye nje huliona kundi zima kama mtambo mmoja. Kwa kuwa kila kipande cha data huwekwa katika seva zaidi ya moja, na mara nyingi katika seva tatu, klasta hutarajiwa kuendelea kufanya kazi hata mojawapo inapoharibika ghafla. Kwa sababu hiyohiyo, wengi hudhani kwamba seva ikizimwa kwa makusudi ili iongezewe kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita ramu, au ibadilishwe diski, kadi ya mtandao au pawa saplai, hakuna jambo la kuogopwa. Dhana hiyo ndiyo inayojadiliwa hapa, kwa kuwa hasara nyingi kubwa za data zimeanzia katika kazi ambazo ratiba ziliziita matengenezo ya kawaida.

Pande mbili zinakabiliana. Upande wa kwanza unashikilia kwamba seva zitolewe moja baada ya nyingine huku huduma ikiendelea, utaratibu utakaoitwa njia ya zamu. Upande wa pili unataka huduma nzima isimamishwe kwa saa zilizotangazwa, mashine zote zishughulikiwe kwa pamoja, kisha huduma irudishwe baada ya ukaguzi. Hii itaitwa njia ya kufunga. Ipo pia sauti ya fundi anayesimama mbele ya raki akiwa na bisibisi mkononi, sauti ambayo mikutano ya mipango huikumbuka kwa kuchelewa, ingawa yeye ndiye anayeuchomoa waya.

MTETEZI WA ZAMU: Klasta hujengwa kwa gharama kubwa ili huduma isitegemee uhai wa mashine moja. Taasisi iliyonunua seva tatu kwa kazi ambayo ingebebwa na mbili imekwisha kulipia haki ya kuzima mojawapo, na kuifunga huduma nzima kwa ajili ya kubadilisha diski ni kuitupa haki hiyo. Zaidi ya hayo, usiku umeacha kuwa muda mtupu. Tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, malipo ya hospitali, ya umeme na ya nauli ya alfajiri hupita kwenye seva saa zote, na ujumbe unaomwarifu mteja kwamba huduma haitapatikana kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri haumsaidii mzazi aliyefika dirisha la dawa saa nane akiwa na mtoto mgonjwa na fedha zake zote zikiwa ndani ya simu.

MTETEZI WA KUFUNGA: Ndugu msemaji amesema kweli juu ya mzazi huyo, lakini hakusema seva ya tatu ilinunuliwa kwa ajili ya nini. Ilinunuliwa iwe akiba ya siku ya ajali, na anayeizima kwa hiari ameitumia akiba hiyo kabla ajali haijafika. Mwaka 1985 Jim Gray, aliyekuwa mtafiti katika kampuni ya Tandem, ambayo ilitengeneza kompyuta zilizokusudiwa zisizimike kabisa, alichunguza ripoti za hitilafu za mitambo hiyo na kukuta kwamba asilimia 42 zilitokana na usimamizi, yaani uendeshaji, upangaji wa mfumo na matengenezo yanayofanywa na mikono ya watu, ilhali vifaa vyenyewe vilichangia asilimia 18. Kwa maneno mengine, saa za matengenezo ndizo saa ambazo klasta huhitaji akiba yake kuliko wakati wowote, na ndizo saa ambazo njia ya zamu huinyima. Huduma inayoahidi kupatikana kwa asilimia 99.9 ya mwaka inaruhusiwa kutopatikana kwa takriban saa 8 na dakika 45. Kufunga mara moja kwa saa nne, kwa tangazo, kunaingia ndani ya ahadi hiyo na kubakiza nafasi.

Hoja hii ya akiba ina uzito mkubwa kuliko unaopewa kwa kawaida, na ili uzito huo uonekane ni lazima ielezwe namna klasta inavyoamua mambo. Seva zinazohifadhi data kwa pamoja huhitaji kukubaliana ni andiko lipi limekuja kwanza na ni seva ipi inayoongoza. Makubaliano hayo hufikiwa kwa akidi, yaani wingi wa zaidi ya nusu ya wanachama wote walioandikishwa, wawe wazima au wamezimwa. Klasta ya seva tatu ina akidi ya mbili, kwa hiyo huvumilia kukosekana kwa moja. Klasta ya seva nne ina akidi ya tatu, kwa hiyo nayo huvumilia moja tu, jambo linalowashangaza wanunuzi wengi. Klasta ya seva tano huvumilia mbili. Kanuni ya Raft, iliyochapishwa na Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2014 na inayotumika leo katika mifumo mingi, imejengwa juu ya hesabu hiyo. Kutokana nayo, seva moja kati ya tatu ikizimwa ili iongezewe ramu, zile mbili zinazobaki hazina tena ruhusa ya kupoteza hata moja: hitilafu ya swichi, kebo iliyolegea au diski iliyojaa katika mojawapo inatosha kuifanya klasta ikatae maandiko mapya, ingawa data yote ingali salama kwenye diski.

MTETEZI WA ZAMU: Hesabu hiyo haikanushiki, na jibu lake ni kuongeza kabla ya kupunguza. Seva ya ziada iingizwe kwanza, inakili data yote, ndipo ya zamani itolewe.

MTETEZI WA KUFUNGA: Ndugu, ushauri huo ukifuatwa kama ulivyotamkwa una hatari yake. Seva ya nne ikiandikishwa katika klasta ya seva tatu, akidi hupanda kutoka mbili hadi tatu papo hapo, hata kabla mgeni huyo hajanakili chochote. Ikiwa ameandikishwa kwa anwani yenye kosa, klasta imejiongezea mwanachama asiyeweza kupiga kura, na ikitokea mmoja wa wale watatu akaanguka, kura zinazobaki ni mbili ilhali zinahitajika tatu.

Mtetezi wa zamu anakubali pingamizi hilo, na hapa mjadala unapiga hatua ya kweli. Waandishi wa Raft walikwisha kuona tatizo hili na wakapendekeza kwamba mwanachama mpya aanze bila haki ya kupiga kura, apokee data kimyakimya hadi alingane na wenzake, ndipo apewe kura. Hifadhi ya etcd, ambayo mfumo wa Kubernetes huitegemea kuweka kumbukumbu za hali yake yote, ilipata uwezo huo katika toleo la 3.4 la mwaka 2019. Mwanachama wa namna hiyo huitwa mwanafunzi. Kwa hiyo ushauri wa kuongeza kabla ya kupunguza unasimama, mradi mgeni aingie kama mwanafunzi. Pale ambapo mfumo haujui kitu kama mwanafunzi, na mwanachama anayebadilishwa amekwisha kufa, utaratibu ulio salama ni kumfuta kwanza aliyekufa, kisha kumwandikisha mpya.

Akidi ni nusu ya hesabu; nusu nyingine ni mzigo. Seva tatu zinazofanya kazi kwa asilimia 60 ya uwezo wake, moja ikitolewa, huzibebesha mbili zilizobaki asilimia 90 kila moja. Zikiwa zinafanya kazi kwa asilimia 70, mbili hizo hutakiwa kubeba asilimia 105, jambo lisilowezekana. Anayepanga zamu bila kuutazama mzigo wa saa ya kilele anaweza kupata klasta yenye akidi kamili na nakala kamili ambayo bado haiwajibu watumiaji wake.

MTETEZI WA KUFUNGA: Mfano ulio wazi kuliko yote ni ule wa GitHub, jukwaa ambalo waandishi wa programu duniani kote huhifadhi kazi zao. Tarehe 21 Oktoba 2018, wakati wa kubadilisha kifaa kibovu cha mtandao wa nuru chenye kasi ya gigabiti 100 kwa sekunde, mawasiliano kati ya kitovu cha mtandao cha pwani ya mashariki ya Marekani na kituo kikuu cha data cha pwani hiyohiyo yalikatika kwa sekunde 43. Sekunde hizo zilifuatwa na saa 24 na dakika 11 za huduma iliyolemaa. Je, si afadhali kufunga kwa saa moja kuliko kulemaa kwa siku nzima?

Kisa hiki kinastahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu kinafundisha jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Hifadhidata za GitHub, zilizotumia MySQL, zilikuwa zikisimamiwa na programu iitwayo Orchestrator, ambayo kazi yake ni kuchagua seva kuu mpya pale ile ya zamani inapotoweka. Mawasiliano yalipokatika, nakala za programu hiyo zilizokuwa zikiendeshwa nje ya kituo kikuu zilipata akidi miongoni mwao, zikahitimisha kwamba seva kuu za mashariki zimekufa, na zikazipandisha seva za pwani ya magharibi kuwa kuu. Lakini zile za mashariki hazikuwa zimekufa. Zilikuwa zimepokea maandiko ambayo bado hayajavuka kwenda magharibi, na magharibi nayo ikaanza kupokea maandiko yake. Katika mojawapo ya klasta zenye shughuli nyingi, maandiko yaliyokwama hivyo yalikuwa 954. Tangu hapo kila upande ulikuwa na data ambayo mwenzake hakuwa nayo, na hapakuwa na upande ambao ungeweza kuachwa bila kupoteza kazi ya watu.

Wahandisi wa GitHub walichagua kulinda ukamilifu wa data kuliko kuirudisha huduma upesi. Walisimamisha kazi za pembeni, wakarejesha hifadhidata kutoka kwenye chelezo, yaani nakala za akiba zinazowekwa mbali na mtambo, ambazo zilikuwa zikichukuliwa kila baada ya saa nne, na wakangoja terabaiti nyingi zisafiri kutoka kwenye hifadhi ya mbali kabla ya kuziunganisha tena seva. Uamuzi huo ulikuwa sahihi na unapaswa kusifiwa waziwazi, kwa kuwa mtumiaji aliyekosa huduma kwa siku moja hurudi kesho yake, ilhali aliyepotezewa kazi ambayo mfumo ulikwisha kumthibitishia kuwa imehifadhiwa hana pa kurudi.

MTETEZI WA ZAMU: Ndugu msemaji amekitoa kisa hicho kama ushahidi dhidi ya kazi inayofanywa huku huduma ikiendelea, lakini GitHub wenyewe hawakuamua kwamba kuanzia siku hiyo watafunga huduma kila wanapobadilisha kifaa. Miongoni mwa waliyoamua ni kwamba Orchestrator izuiwe kuhamisha uongozi kutoka eneo moja la nchi hadi jingine. Kosa lilikuwa kwamba mlinzi wa mtambo aliachiwa mamlaka makubwa mno wakati mafundi wapo kazini.

Jibu hili ndilo linaloufikia moyo wa suala. Klasta haijui tofauti kati ya seva iliyokufa na seva iliyozimwa na fundi kwa dakika 20. Inachokijua ni kwamba mwanachama hajibu, na muda wa kungoja ukiisha humhesabu kuwa amekufa na kuanza kumrithi. Muda huo hutofautiana sana. Elasticsearch, mfumo wa kutafuta ndani ya maandishi, kwa mpangilio wake wa awali hungoja dakika 1 kabla ya kuanza kujenga upya nakala zilizokuwa kwenye seva iliyotoweka. Ceph, mfumo wa hifadhi unaotandaza data katika diski za seva nyingi, hungoja sekunde 600. Hifadhi ya HDFS, inayotumika katika uchambuzi wa data kubwa, huitangaza seva kuwa imekufa baada ya dakika 10 na nusu. Kazi ya kuongeza ramu, kuanzia kuzima hadi mfumo kuamka na kujikagua, ni nadra kumalizika ndani ya dakika 10. Fundi asiyemwarifu mlinzi huyo kabla ya kuanza atarudi na kukuta klasta imekwisha kuanza kusafirisha terabaiti za nakala kupitia mtandao uleule unaowahudumia wateja, na pengine kuzijaza diski za seva zilizobaki.

Kwa sababu hiyo kila mfumo makini una amri ya kuitangazia klasta kwamba ukosefu unaokuja ni wa makusudi. Katika Ceph huwekwa alama iitwayo noout, inayozuia seva iliyozimwa isitolewe kwenye hesabu. Katika Elasticsearch ugawaji wa nakala husimamishwa kwa muda. Katika hifadhidata ya Cassandra, kabla ya kuzima, seva huamriwa kwanza kuacha kupokea maombi na kuandika kwenye diski yote yaliyomo katika kumbukumbu yake. Mtetezi wa kufunga anakumbusha, na anakumbusha kwa haki, kwamba alama kama hiyo ikisahaulika baada ya kazi huwa mtego: wiki tatu baadaye diski inakufa kwelikweli, na klasta iliyoambiwa isijitibu inabaki na nakala pungufu. Kwa hiyo kuiondoa alama ni hatua ya kazi yenyewe, na haifai kuachiwa mtu wa zamu inayofuata.

Cassandra inastahili neno la ziada, kwa kuwa hatari yake hujificha. Seva inapokosekana, wenzake humwekea maandiko yaliyompita, lakini kwa mpangilio wa awali huacha kumwekea baada ya saa 3. Kazi ikirefuka kupita hapo, seva hurudi ikiwa na mapengo, na mapengo hayo hayazibiki mpaka iendeshwe kazi maalumu ya kulinganisha nakala. Tena, data inayofutwa katika Cassandra haiondolewi mara moja. Huwekewa alama ya kufutwa inayohifadhiwa kwa siku 10 kwa kawaida. Seva iliyokaa nje zaidi ya siku hizo, labda kwa kungoja kipuri kilichokwama bandarini, ikirudishwa kama ilivyotoka, inaweza kurudi na rekodi ambazo wenzake walikwisha kuzifuta na kusahau kwamba zilifutwa, na rekodi hizo zikaenea tena katika klasta yote. Mteja aliyeomba taarifa zake zifutwe hukuta zimefufuka. Seva ya namna hiyo isirudishwe ikiwa na data yake ya zamani. Ifutwe na iingie kama mgeni.

FUNDI WA RAKI: Wazee wangu wasemaji wamezungumza juu ya seva kana kwamba ni majina kwenye karatasi. Ndani ya kituo cha data ni visanduku vinavyofanana, 20 au zaidi katika raki moja, na kwa nyuma hakuna tofauti kati ya cha 7 na cha 8 isipokuwa kibandiko kidogo ambacho joto la feni limekikunja. Anayetaka kuwa salama huwasha kwa amri, kutoka mbali, taa ya buluu ya utambulisho iliyo mbele na nyuma ya sanduku, kisha hulinganisha namba ya kiwandani iliyo kwenye kibandiko na iliyo kwenye kibali cha kazi, tena akiisoma kwa sauti huku mwenzake akiitazama kwenye skrini. Ni baada ya hapo tu ndipo kebo mbili za umeme huchomolewa. Ni mbili kwa sababu pawa saplai ni mbili, na aliyechomoa moja akadhani seva imezimika ataingiza mkono ndani ya mashine yenye umeme.

Maelezo ya fundi yanaungwa mkono na tukio linalojulikana. Tarehe 31 Januari 2017, katika kampuni ya GitLab, mhandisi aliyekuwa akijaribu kurekebisha seva rudufu ya hifadhidata alitoa amri ya kufuta saraka ya data, lakini amri hiyo ikatekelezwa kwenye seva kuu. Kati ya takriban gigabaiti 300, zilisalia kama 4.5 alipoisimamisha. Chelezo za kawaida zilipotafutwa, ilibainika kwamba hazikuwa zikifanyika, kwa kuwa programu ya kuzichukua ilikuwa ya toleo lisilolingana na la hifadhidata, na barua pepe za kuonya kwamba zimeshindwa zilikuwa zikikataliwa na seva ya barua. Kampuni iliokolewa na nakala iliyochukuliwa kwa mkono saa 6 kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. GitLab waliyaeleza yote hayo hadharani siku hizo hizo, na kwa uwazi huo waliwafaidi wengi.

FUNDI WA RAKI: Na seva ikiisha kuwashwa, kazi haijaisha. Kipande cha ramu kisichokaa sawasawa kwenye nafasi yake si lazima kizuie mashine kuamka. Huweza kuifanya tu ihesabu ramu pungufu, na asiyesoma hesabu hiyo hatajua. Bodi mama ikibadilishwa, saa ya ndani huweza kuwa imepotoka kwa miezi, na programu za usimamizi za Ceph hulalamika saa zao zikitofautiana kwa zaidi ya sekunde 0.05. Kadi mpya ya mtandao huja na anwani yake ya kiwandani, na mfumo huweza kuipa jina jingine, hivyo seva ikaamka ikiwa nzima lakini haina njia ya kuwafikia wenzake.

MTETEZI WA KUFUNGA: Fundi ameeleza mambo mengi yanayoweza kuharibika, na yote ni rahisi kurekebisha huduma ikiwa imefungwa, hakuna mteja anayeandika, na nakala zote zimesimama mahali pamoja.

MTETEZI WA ZAMU: Lakini ndugu, kufunga kuna udhaifu wake usiosemwa, nao ni kwamba kosa moja hurudiwa kwenye seva zote usiku uleule. Ramu yenye kasoro ya kiwandani ikitiwa katika seva zote tano kwa mpigo, asubuhi hakuna hata moja ya kuaminiwa. Tena, tangazo la kufunga huweka saa ya kufungua, na saa hiyo huwashurutisha watu. Mwezi Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza ilisimamisha baadhi ya huduma kwa siku za mwisho wa wiki ili kuwahamishia wateja wake wote kwenye mtambo mpya kwa mara moja. Ilipofungua, hadi wateja milioni 1.9 walijikuta hawawezi kuzifikia akaunti zao, na mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65.

Mfano wa TSB ulihusu kuhama mtambo mzima na si kubadilisha vipuri, kwa hiyo hautoshi peke yake kuiangusha njia ya kufunga. Hata hivyo hoja iliyotangulia, ya kosa moja kurudiwa kote, haina jibu. Zamu humpa mtu nafasi ya kujifunza kutoka kwa seva ya kwanza kabla ya kuigusa ya pili, na faida hiyo inapita zote zinazotajwa na pande zote mbili. Njia ya kufunga ibakie kwa hali zinazoidai kweli: kifaa kinachobadilishwa kinapohudumia seva zote kwa pamoja, kama swichi ya pekee ya raki au mfumo wa umeme, au pale nakala zote tatu zilipopangwa ndani ya raki moja kwa uzembe wa awali, kiasi kwamba hakuna zamu inayowezekana. Katika hali nyingine zote, zamu ndiyo njia, kwa sharti moja lisilojadiliwa.

Sharti hilo ni kungoja. Seva iliyorudi haijawa akiba mpaka inakili yote yaliyoipita, na muda wa kunakili haupatani na papara za ratiba. Seva iliyobadilishwa diski zake zote na inayopaswa kupokea upya terabaiti 10 kupitia kiungo cha gigabiti 1 kwa sekunde itahitaji sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22, hata kama kiungo hicho hakifanyi kazi nyingine yoyote. Ratiba inayosema seva tatu kwa usiku mmoja, saa mbili kwa kila moja, katika klasta ya namna hiyo imeandikwa na mtu asiyepiga hesabu, na anayeitekeleza huchomoa seva ya pili na kubakiza nakala kamili moja tu. Alama ya kijani kwenye skrini nayo haitoshi: katika mifumo ambayo seva rudufu hupokea maandiko kwa kuchelewa, seva huonekana nzima ikiwa nyuma ya kiongozi wake kwa dakika 40. Kinachopimwa ni umbali huo, na ukifika sifuri ukakaa hapo chini ya mzigo wa mchana, ndipo seva ya pili inapoguswa. Seva kuu huwa ya mwisho, na uongozi wake huhamishwa kwa amri huku ikiwa hai, kabla ya kuzimwa.

MTETEZI WA KUFUNGA: Na nani mwenye kauli ya mwisho saa tisa usiku, meneja anayetaka kazi iishe au mtunza data anayeona nakala bado zinachelewa?

MTETEZI WA ZAMU: Mtunza data, na kauli hiyo iandikwe kwenye kibali kabla ya kazi, ili asihitaji kuamsha mtu wala kujitetea.

Pande zote zinakubaliana hapo, na linabaki swali ambalo fundi analileta mezani: diski zilizotolewa zikiwa na data ndani yake zifanyweje. Mtetezi wa kufunga anataka zihifadhiwe kama kimbilio la mwisho. Mtetezi wa zamu anajibu kwamba diski hizo zilianza kupitwa na wakati dakika ileile zilipochomolewa, na kwamba taarifa za watu zilizomo zinalindwa na sheria, ya mwaka 2019 nchini Kenya na ya mwaka 2022 nchini Tanzania, ambazo hazitofautishi kati ya diski iliyo kazini na iliyo kabatini. Mapatano yaliyofikiwa ni haya: kila diski ipewe namba na ifungiwe kwenye kabati lenye daftari la sahihi, chelezo mpya ya klasta irejeshwe kwa majaribio kwenye mashine ya pembeni na rekodi zake zihesabiwe, na jaribio hilo likifaulu, diski zifutwe au zisagwe mbele ya watu wawili, siku hiyohiyo, na namba zake zikatwe kwenye daftari.